Kapteni na Magurudumu Yasiyoshuka

Kapteni hakuwahi kupanda ndege. Uwanja wa ndege wenyewe aliufikia mara moja tu, alipomsindikiza bosi wake wa ghala, na hata siku hiyo aliishia mlangoni akiwa ameshika begi la mwenziwe. Lakini jina la Kapteni lilimkaa kama kofia aliyopimiwa. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, aligeuka pembeni kutazama ni nani anayeitwa.

Jina alilipata kwa ajili ya ndege ya rimoti. Usidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Mabawa yake yalipita upana wa kitanda, mwili wake ulikuwa wa mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya fedha, na chini ya mabawa ilikuwa na miguu miwili yenye magurudumu, miguu ya kujikunja. Ndege za wenzake wa chama cha warusha ndege zilisimama juu ya miguu ya waya isiyokunjika saa zote, zikiruka na miguu inaning'inia kama kuku aliyeshikwa mbawa. Ya Kapteni ikiruka ilikunja miguu na kuificha tumboni, kama ile ya abiria. Hapo ndipo yeye alipokuwa Kapteni na wenzake wakabaki watu wenye ndege.

Shida ilikuwa moja. Kukunja, ilikunja. Kukunjua ndiko kulikokuwa na maneno.

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Naye alikuwa na meza. Meza hiyo aliichongesha kwa seremala kabla hajaolewa, ndefu, pana, imefika kiunoni mwake barabara ili asipinde mgongo anapokata kitambaa. Ndiyo iliyokuwa ofisi yake, na ndiyo iliyosomesha watoto waliokuwa shule ya bweni, ingawa kwenye hotuba za Kapteni watoto walisomeshwa na ghala. Siku moja Fundi alirudi kutoka kununua vifungo akakuta ndege imelala juu ya meza yake, tumbo juu, miguu hewani.

"Siku mbili tu, mama watoto," Kapteni alisema. "Naangalia kidogo hii miguu."

Mvua zilikuwa hazijaanza. Zikaanza, zikanyesha, mitaro ikajaa, zikaisha, watu wakaanua makoti yao. Ndege bado iko mezani, inaangaliwa kidogo.

Fundi akawa anakatia sakafuni. Anatandika mkeka, juu yake shuka, juu yake kitambaa, halafu anazunguka kwa magoti na mkasi mkononi. Jioni akisimama, magoti yanalia kama bawaba za mlango wa choo. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alimtazama siku moja akatikisa kichwa.

"Mkwe wangu, pole. Kumbe mume akipaa, mke anatambaa."

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Mimi nilijua nimezaa mtoto wa kiume. Sikujua nimezaa kiwanja cha ndege."

Kama ingekuwa meza peke yake angevumilia. Lakini matengenezo yana tumbo kubwa kuliko mgeni wa siku ya tatu. Kwanza yalikula mafuta ya cherehani, chupa nzima, kwa kuwa Kapteni aliamua miguu inakwama kwa ukavu. Mafuta yakashika vumbi la uwanjani, miguu ikakwama kwa uchafu. Kisha yakala sindano nene za jinzi, zikawa pini za maungio. Kisha lastiki ya sketi za shule: Kapteni aliifunga kwenye miguu ili iivute ishuke. Ikaivuta kweli. Jumapili ile ndege ilishindwa kukunja miguu kabisa, ikaruka nayo inaning'inia kama kuku wa wenzake, na Kapteni alirudi nyumbani hasemi na mtu.

Na hapa pana jambo la kuchekesha, kama wewe si mwenye meza. Nyumbani ile miguu haikukwama hata siku moja. Kapteni alifunga mlango wa chumbani, ikasikika *fyu, fyu, fyu*, kisha akatoka na ndege, akailaza mezani, akabonyeza swichi kwenye rimoti. *Psss*, miguu ikaingia. *Psss, tak*, ikatoka. Safi. Anaiita familia nzima ije ione, yaani mkewe na mama yake.

"Mnaona? Imepona."

Jumapili anaipeleka uwanjani. Inaruka, inakunja miguu, watu wanashangilia. Inakuja kutua, anabonyeza swichi, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Ndege inatua kwa tumbo, inakwaruzika, inarudi mezani.

Ile *fyu, fyu* ya chumbani Fundi aliijua. Ilikuwa pampu ya baiskeli. Miguu ile ilisukumwa na upepo uliokaa ndani ya tangi dogo, dogo kama chupa ya dawa ya kikohozi, nao ulipita kwenye vimpira vyembamba mpaka miguuni. Aliyewauzia alikuja mwenyewe mpaka sebuleni, akanywa chai, akaeleza mbele ya watu wote watatu.

"Kila ukikunja na kukunjua, upepo unapungua. Kwa hiyo Kapteni, jaza pale pale uwanjani, ndiyo urushe. Usijaze nyumbani ukaanza kuchezea."

"Nimekuelewa sana," Kapteni alijibu, na kweli alielewa. Kapteni hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga kazi ingekuwa rahisi.

Siku ya kwanza alifuata maagizo. Akafika uwanjani, akatoa pampu, akachuchumaa, akaanza kupampu. Sasa, ndani ya chama chao alikuwamo mtu mmoja aliyeitwa Spana, mwenye duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Mdomo wake na kiwanda cha mashine havina tofauti, vyote havina swichi ya kuzimia. Akapaza sauti:

"Jamani, Kapteni kapata pancha! Kapteni, lete nikuzibie, kwangu viraka vipo!"

Uwanja mzima ulicheka. Kicheko kilitangulia kufika sokoni kabla Kapteni hajafika nyumbani, maana Fundi alipoenda kununua uzi aliulizwa kama ni kweli mumewe anarusha baiskeli yenye mabawa. Tangu siku hiyo pampu haikutoka chumbani. Iliwekwa nyuma ya kabati kama jambo la aibu, na Kapteni akawa anajaza nyumbani, mlango umefungwa.

Hilo lingekuwa na nafuu kama chama kisingekuwa na desturi yake. Ndege haikuruka mpaka ipimwe afya. Kupima afya maana yake mwenye ndege anaiinua juu, na kila mwanachama, kuanzia mwenyekiti kushuka chini kwa vyeo, anabonyeza swichi ya miguu, anatazama ikiingia na kutoka, anatikisa kichwa kitaalamu. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti, Daktari wa Meno, ambaye kila kitu duniani alikiona kama mdomo uliofunguliwa. Kisha makamu. Kisha Spana. Kisha mweka hazina. Kisha anayetaka kuwa mweka hazina. Kapteni angemnyima nani? Ukimnyima mwenyekiti, umedharau kiti. Ukimpa mwenyekiti ukamnyima makamu, umeanzisha vita. Basi wote wanabonyeza, upepo unaisha chini, ndege inapaa na tangi tupu.

Ikishatua kwa tumbo, wale wale walioumaliza upepo wanakaa kikao kuchunguza tatizo ni nini.

"Mimi naliona ni la mzizi," Daktari wa Meno alisema mara moja, akiingiza kioo chake kidogo cha kazini ndani ya bawa. "Mguu umeota umeegemea upande. Tuuchonge kidogo." Akauchonga. Ukalegea.

"Umechoka huo," Spana akasema. "Badilisha. Dukani kwangu ipo springi inayoingia kama imezaliwa humo." Ikaingia. Haikutoka.

Kapteni alipokea kila dawa. Alijua ugonjwa, lakini dawa ya ugonjwa ule ilikuwa kuchuchumaa mbele za watu na pampu ya baiskeli, na hiyo hakuwa tayari kuimeza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kapteni alikitaka cha mvunguni, ila alitaka kitanda ndicho kiinuke.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka magoti ya Fundi yaishe, kama Mama Wageni asingekuja. Huyu alikuwa mwanamke mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikimaliziwa kujengwa kando ya uwanja ule ule wa kurushia ndege. Alisikia sifa za Fundi, akataka mapazia: ya vyumba vyote, na ya ukumbi wa kulia chakula, yale ya kuanzia darini mpaka chini. Kazi ya namna hiyo Fundi alikuwa hajawahi kuipata. Ukishaifanya vizuri, mashuka ni yako, vitambaa vya meza ni vyako, na kila mgeni anayelala pale anauliza nani kashona.

"Lakini mimi ni mtu wa kuona kwa macho," Mama Wageni alisema akiwa mlangoni, hata kuketi hakuketi. "Jumatatu jioni nitapita niangalie unapokatia. Kuna mmoja nilimpa kitambaa akakikatia sakafuni. Nikaletewa pazia lina alama ya kikombe cha chai. Mimi sitaki pazia lililopigiwa deki."

Fundi alitabasamu, akasogea kidogo ili mgeni asiuone mkeka.

Usiku wa siku ile hakusema. Alisubiri mpaka asubuhi ya Jumamosi, Kapteni ameshiba, mama mkwe ameketi karibu.

"Baba watoto, naomba meza yangu."

"Utaipata. Kesho ni maonyesho ya chama. Kesho ndege inatua kwa miguu, na kazi imekwisha."

"Na isipotua kwa miguu?"

"Itatua."

"Nakuuliza isipotua."

Mama mkwe akaweka chini kikombe. "Mjibu mwenzako. Swali si gumu."

Kapteni akajiweka sawa kwenye kiti. Alipenda ahadi, maana ahadi zina sauti nzuri kinywani. "Haya. Mama, uwe shahidi. Kesho ikitua kwa magurudumu, meza inabaki karakana ya ndege moja kwa moja, na mke wangu asiniulize tena. Ikitua kwa tumbo, meza yake, na ndege naiondoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

"Nimesikia," mama mkwe akasema. "Na masikio yangu bado ni mazima, usije ukaniambia uzee."

Hapo sasa Fundi akakaa na mzigo wake moyoni. Alijua kabisa ndege itatua kwa tumbo. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu kukaa kimya, kama alivyokaa siku zote, alitazame tangi likimalizwa na wenye vyeo, halafu Jumatatu atandike kitambaa juu ya meza yake. Nani angemlaumu? Alipokuwa akipiga pasi asubuhi ya Jumapili aliiwaza meza mpaka akakaribia kuunguza kola. Kisha akaingia chumbani, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akaitoa ile pampu, akaiviringisha kwenye kitambaa na kuilaza ndani ya kikapu chini ya chupa ya maji. Alijiambia meza ni yake kwa haki. Haiwezekani aipate kwa kumvizia mtu aliyezaa naye watoto.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Viti vya mbele vimewekwa chini ya turubai, na mgeni rasmi alikuwa nani? Mama Wageni. Chama kilimwalika kwa kuwa kilitaka kuendelea kuutumia uwanja hata nyumba yake ikishafunguliwa. Alivaa viatu vyeupe, akaketi kama aliyekuja kupokea mahari.

Ikafika zamu ya Kapteni. Akainua ndege yake ya fedha juu, jua likaipiga, watu wakasema aah.

"Tupime afya," Daktari wa Meno akatangaza.

Akabonyeza yeye. *Psss, tak.* Akabonyeza makamu. Akabonyeza Spana, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa anaongea hakuona. Akabonyeza mweka hazina na yule mwingine. Kisha Daktari wa Meno akainama kwa heshima, akampelekea mgeni rasmi rimoti.

Mama Wageni akabonyeza. Miguu ikaingia. "He!" akasema. Akabonyeza, ikatoka. "Jamani, kama kobe!" Akabonyeza tena. Akacheka. Akabonyeza tena.

Mama mkwe naye hakukubali kuachwa. "Leteni na mimi. Nyie mnabonyeza ndege, mimi nimemzaa mwenye ndege." Akabonyeza, akajibonyezea na ya nyongeza.

Fundi, aliyeketi nyuma na kikapu mapajani, hakuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza. Ile *psss* ilianza kama mtu anayefukuza kuku. Sasa ilikuwa kama mtu anayepuliza chai. Miguu ilitoka polepole, ikasita, ikamalizikia kwa kuona haya.

Akainuka, akapita pembeni mpaka alipo mumewe, akajifanya anamfuta vumbi begani.

"Baba watoto. Upepo umekwisha. Pampu ninayo kikapuni."

Kapteni aligeuka kama aliyechomwa na sindano ya jinzi. "Umeileta *hapa*?"

"Tuende nyuma ya turubai, sekunde moja tu, ujaze."

"Nyuma ya turubai amekaa Spana."

"Basi nijaze mimi."

"Wewe! Mke wangu achuchumae na pampu mbele ya mgeni rasmi? Waseme nini?" Alikuwa ananong'ona huku anatabasamu kwa watu, meno yote nje. "Ficha hicho kitu. Upepo unatosha. Ukiwa juu unaongezeka wenyewe, huko juu si ndiko kwenye upepo?"

Fundi alimtazama. Maneno mengine hayana jibu, yana dua tu. Akarudi kwenye kiti chake, na njiani akajikuta moyo unacheza ngoma. Akaona aibu kidogo. Lakini moyo haukuacha.

Ndege ikapaa, na ilipaa vizuri, hilo nisimnyime. Ikakunja mguu mmoja, ikafikiri, ikakunja wa pili, kama mzee anayepanda kitandani. Watu wakapiga makofi. Ikazunguka uwanja, ikapita juu ya turubai, ikapinduka tumbo juu, ikarudi. Kisha ikaja kutua. Kapteni akabonyeza swichi.

Kimya.

Akabonyeza kwa dole gumba. Akabonyeza kwa dole gumba jingine. Akaipandisha tena, akazunguka.

"Itikise!" Spana akapiga kelele.

"Usiitikise!" akapiga kelele Daktari wa Meno. "Iinamishe! Ifungue taratibu!"

"Ipige kofi!" makamu akasema, na hakuna aliyejua atampata wapi wa kuipiga kofi ndege iliyoko angani.

Kapteni aliitikisa, akaiinamisha, akaipindua. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Sauti ya mota ikaanza kuchoka, betri inaisha, na kitu kilicho angani, tofauti na ahadi, lazima kishuke. Ikashuka. Iligusa majani kwa tumbo, ikakwaruza, ikateleza, ikageuka ubavu, ikasonga mbele ikipunguza mwendo, watu wa viti vya mbele wakinyanyua miguu, mpaka ikaja kusimama puani kabisa kwa kiatu cheupe cha Mama Wageni. Haikukigusa.

Kapteni alifungua mdomo. Fundi alijua alichotaka kusema: angeusingizia mzizi, au springi, au mke.

Ila Mama Wageni alimtangulia. Akasimama, akapiga makofi.

"Bila magurudumu! Ameileta mpaka miguuni kwangu, bila magurudumu! Huyu ndiye rubani jamani!"

Na watu, ambao hupiga makofi wakiona wenye viti wanapiga, wakapiga. Kapteni akafunga mdomo. Ukaonekana usoni mwake ule mwanga wa mtu aliyeokota pochi barabarani.

"Naam," akasema, na sauti ikazidi kunenepa kila neno. "Naam, mgeni rasmi. Huko ndiko tunakoita kutua kwa dharura. Nilikusudia kuwaonyesha. Kutua kwa magurudumu mtu yeyote anaweza."

Daktari wa Meno alimtazama, akamtazama mgeni rasmi, akautazama uwanja ambao chama kilikuwa kinauhitaji. "Ni kweli," akasema. "Ndiyo mafunzo yetu ya ngazi ya juu."

Hata Spana alinyamaza. Siku hiyo iwekewe alama.

Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, Kapteni alilaza ndege juu ya meza.

"Mwanangu," mama yake akamwita, "tumbo lile nililoliona halikuwa la ndege?"

"Mama, ahadi ilihusu kutua kwa tumbo kwa bahati mbaya. Hii nimefanya makusudi. Umesikia mwenyewe nikisema, na mwenyekiti akathibitisha. Kwa hiyo haihesabiki. Meza inabaki."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta, kile kicheko ambacho hakina furaha ndani yake. "Haya mkwe wangu, umesikia sheria hiyo?"

"Nimesikia, Mama," Fundi akasema, akaenda kukunja mkeka. Neno la Kapteni alilikunja pamoja na mkeka, akaliweka mahali pa kulipata.

Jumatatu jioni Mama Wageni akafika, na hakufika peke yake. Alifuatana na Daktari wa Meno, maana walikuwa wameshapatana kwamba siku ya kufungua nyumba ya wageni Kapteni arushe ndege mbele ya waalikwa. Kapteni aliwapokea kwa mikono miwili. Akawasogeza mpaka mezani, akawaonyesha mkwaruzo wa tumboni kama askari anayeonyesha kovu la vita.

"Hapa ndipo nilipogusia chini. Unaona ulivyonyooka?"

"Umenyooka," Mama Wageni akakubali. Kisha akageuka. "Na wewe Fundi? Unakatia wapi?"

Sebule ilikuwa ndogo. Palikuwa na viti, cherehani dirishani, na meza yenye ndege. Mkeka ulisimama kwenye kona, umekunjwa, na macho ya Mama Wageni yakaanza kuelekea huko.

"Hapo hapo mezani," Fundi akasema. "Nilikuwa nasubiri nimuulize Kapteni jambo moja mbele yenu, maana mimi si mtu wa ndege. Baba watoto, jana ulitua kwa tumbo makusudi?"

"Makusudi kabisa."

"Na siku ya ufunguzi?"

"Atatua hivyo hivyo!" Mama Wageni akadakia. "Hivyo hivyo, mpaka miguuni kwangu. Hiyo ya magurudumu, si kasema mwenyewe mtu yeyote anaweza?"

"Basi magurudumu hayana kazi tena," Fundi akasema, taratibu, kama anayepima kitambaa. "Na kama hayana kazi, hayana haja ya kutengenezwa. Au yameharibika, Baba watoto? Kama yameharibika sema, daktari yupo, wataalamu wapo, ndege ikae mezani itengenezwe."

Kapteni alimtazama Daktari wa Meno. Daktari wa Meno alitazama dari, kama ameona jino huko.

"Hayajaharibika," Kapteni akasema.

"Eeh?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Sema kwa sauti, masikio ya kizee haya."

"Nimesema hayajaharibika! Ni mazima!"

"Basi kitu kizima kinakaaje kwenye meza ya matengenezo? Kiondoe, mwanangu, mwenzako anangojwa na kazi. Kwa mikono yako, kama ulivyoahidi."

Kapteni akaikumbatia ndege yake, bawa moja likagonga mlango, jingine likagonga kabati, akaingia nayo chumbani kama anayebeba mgonjwa. Mama Wageni akapitisha kiganja juu ya meza, akautazama mkono, akaona ni msafi. Fundi alikuwa ameifuta kila siku, kuizunguka ndege.

"Meza nzuri," Mama Wageni akasema. "Kitambaa nitakuletea kesho asubuhi."

Akakileta. Kilikuwa kizito, rangi ya udongo wa mfinyanzi, na Fundi alikitandaza chote mara moja, kikaenea toka ncha hii mpaka ncha ile, kikaning'inia pande zote bila kugusa chini. Akasimama wima. Akachora kwa chaki, akabana kwa pini, akaingiza mkasi, na mkasi ukaenda zake bila kusita. Mama mkwe alikuwa amesogeza kiti karibu, anashika ncha ya kitambaa isiteleze.

Kutoka chumbani, mlango umefungwa, ikasikika *fyu, fyu, fyu*. Kikapita kimya. Kisha *psss*. Kisha *psss, tak*.

"Mama watoto!" Kapteni akaita. "Njoo uone! Imeshuka! Imeshuka yote miwili!"

Fundi aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Hakuweza kumjibu. Mdomo wake ulikuwa umejaa pini.